Mota Inayojua Ilipo



Fundi anayefungua gurudumu la nyuma la pikipiki ya umeme, lile lenye mota ndani yake, hukuta mafungu mawili ya nyaya yakitokea kwenye ekseli. Fungu la kwanza ni nyaya tatu nene. Hizo ndizo zinazopeleka nguvu kwenye koili. Fungu la pili ni nyaya tano nyembamba, mara nyingi nyekundu, nyeusi, njano, kijani na bluu. Hizi hazizungushi chochote. Kazi yake ni kuleta habari. Zikikatika, betri inaweza kuwa imejaa, koili zikawa nzima na sumaku zikawa imara, lakini pikipiki itatetemeka palepale ilipo au isiondoke kabisa.

Mhadhara huu unahusu nyaya hizo tano na safari ndefu iliyozifikisha hapo. Hoja yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja, hatua kubwa za mota zimepatikana pale mtu alipobuni njia ya kujua kinachoendelea ndani yake: rota, yaani sehemu inayozunguka, imeelekea wapi, inakwenda kwa kasi gani, imebeba mzigo kiasi gani, imechemka kiasi gani. Shaba na chuma vimebadilika kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kilichobadilika sana ni ujuzi wa kupima, na ujuzi huo ndio unaopaswa kupewa nafasi kubwa zaidi katika karakana za Afrika Mashariki.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu ya umeme. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Nishati lilichapisha uchambuzi uliokadiria kwamba mifumo inayoendeshwa na mota hutumia kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote wa dunia. Humo zimo pampu za maji, feni, kompresa za friji, lifti, mashine za kusaga na kukoboa, mikanda ya viwandani na treni. Karibu nusu ya umeme wa dunia huishia kwenye kitu kinachozunguka, na namna kitu hicho kinavyoongozwa inagusa gharama ya maji kijijini, bei ya unga dukani na muda wa msafiri barabarani.

Kuhisi kwa kugusa

Mota huzunguka kwa sababu sumaku huvutana na kusukumana. Tabu ni kwamba mvuto huo una mwisho. Ncha ya kusini ikishafika mbele ya ncha ya kaskazini, zote mbili hutulia, na mzunguko ukaishia hapo. Ili rota iendelee, mkondo wa koili lazima ugeuzwe wakati hasa inapofika mahali pake. Ukigeuzwa mapema mno, rota inasukumwa nyuma, ukichelewa, inanaswa.

Mota za kwanza za mkondo mnyoofu zilitatua tatizo hilo kwa komyuteta, yaani vipande vya shaba vilivyopangwa kuzunguka shafti, vikiguswa na brashi ambazo mafundi wengi huziita kaboni. Thomas Davenport, mhunzi wa Brandon katika jimbo la Vermont, Marekani, alipata hataza ya mota ya namna hiyo tarehe 25 Februari 1837. Inasimuliwa kwamba mkewe Emily alichana gauni lake la harusi la hariri ili vipande vyake vitumike kutenganisha nyaya za koili. Davenport hakutajirika. Umeme wake ulitoka kwenye betri za zinki, na zinki haikuweza kushindana na makaa ya mawe yaliyoendesha injini za mvuke.

Watu wengi huiona komyuteta kama swichi tu. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo kihisi cha kwanza cha mota. Shafti inapozunguka, kaboni huacha kipande kimoja cha shaba na kugusa kinachofuata, na kwa mguso huo mkondo huhamia kwenye koili inayostahili. Kuhisi na kuongoza hufanyika mahali pamoja, kwa kitendo kimoja. Ni ubunifu mkubwa, na hadi leo unafanya kazi ndani ya drili na grainda kwenye karakana nyingi.

Gharama yake kila fundi anaijua. Kaboni huisha. Shaba hukwanguka. Cheche huruka, jambo la hatari penye mvuke wa petroli, na vumbi la kaboni hutapakaa kwenye koili. Mota hiyo haiwezi kufungiwa ndani ya kompresa ya friji kwa miaka 15 bila kuguswa. Kwa hiyo swali likabaki: je, mahali ilipo rota panaweza kujulikana bila kitu kugusa kitu?

Karatasi ya dhahabu ya Baltimore

Jibu lilipatikana mwaka 1879, na aliyelipata hakuwa akitafuta mota. Edwin Hall alikuwa na umri wa miaka 23, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, chini ya Profesa Henry Rowland. Alikuwa akisoma kitabu kikubwa cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku, akakuta mahali Maxwell alipoeleza kwamba nguvu ya sumaku huusukuma waya unaobeba mkondo, wala haiusukumi mkondo wenyewe. Hall hakuridhika. Ikiwa waya usio na mkondo hausukumwi, alijiuliza, inakuwaje mkondo usihusike?

Alijaribu kwanza kwa waya wa kawaida na hakuona kitu. Kisha akabandika karatasi nyembamba sana ya dhahabu juu ya kioo, akapitisha mkondo kwa urefu wake, akaiweka katikati ya ncha za sumaku kubwa ya umeme, na kuunganisha galvanomita kwenye kingo mbili za pembeni, ambako kwa kawaida hapakutarajiwa kuwa na umeme wowote. Oktoba 1879 mshale ulisogea. Sumaku ilikuwa imeusukuma mkondo upande mmoja wa dhahabu, na volti ndogo ikajitokeza kukatisha upana wake. Sumaku ilipogeuzwa, volti nayo iligeuka. Elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa; J. J. Thomson alikuja kuitambua mwaka 1897, miaka 18 baadaye.

Ugunduzi huo una sifa moja inayoupa thamani kwenye mota. Koili ya kawaida huhisi sumaku inayosogea tu. Sumaku ikisimama, koili haioni kitu. Kihisi cha Hall huiona sumaku hata ikiwa imetulia, na kinatambua kama ni kaskazini au kusini. Pikipiki iliyosimama kwenye taa za barabarani inaweza kujua rota yake ilipo kabla haijasogea hata kidogo.

Hata hivyo, dhahabu ilitoa ishara ndogo mno kwa matumizi ya kiwandani. Ilibidi kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, Heinrich Welker wa kampuni ya Siemens, Ujerumani, alipochunguza nusukipitishi kama indiamu-antimonidi, ambazo mkondo hupita ndani yake kwa wepesi na kutoa volti kubwa zaidi ya Hall. Katika miaka ya 1960 kihisi hicho kikaingizwa kwenye chipu ya silikoni pamoja na kikuza-ishara chake. Mwaka 1968 kampuni ya Honeywell ilikuwa tayari inatengeneza kibodi ambazo kila kitufe chake kilikuwa na sumaku ndogo na chipu ya Hall. Kilichoanzia kwenye kioo cha mwanafunzi kilikuwa kimekuwa kifaa cha kuuzwa kwa maelfu.

Kutoka Richmond hadi Dodoma

Mwishoni mwa karne ya 19, waliokuwa wakitumia mota kwenye kazi nzito walikuwa na shida nyingine: kubadilisha kasi bila kuupoteza umeme kwa kuuchemshia kwenye rizista. Mwaka 1891 Mmarekani Harry Ward Leonard alileta njia yake. Mota ya kwanza ilizungusha jenereta, na jenereta ikalisha mota ya pili iliyofanya kazi. Mwendeshaji alirekebisha mkondo mdogo tu unaotia sumaku kwenye jenereta, na kwa kufanya hivyo akaongoza nguvu kubwa iliyokwenda kwenye mota ya pili, kutoka kusimama kabisa hadi kasi kamili, mbele na nyuma, kwa ulaini. Mashine tatu kufanya kazi ya moja ni gharama kubwa, lakini lifti za maghorofa na mitambo ya kupandisha watu migodini iliutegemea mfumo huo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Frank Sprague, aliyefanikisha tramu za umeme katika mji wa Richmond, Virginia, mwaka 1888, alikwenda mbali zaidi. Treni za wakati huo zilivutwa na kichwa kimoja. Sprague alifunga mota chini ya mabehewa yenyewe, kisha akabuni namna ya kuziongoza zote kutoka kiti kimoja cha dereva: mkondo mdogo wa maagizo ulipita kwenye waya kutoka behewa hadi behewa, na kila behewa lilikuwa na kidhibiti chake kilichotii maagizo hayo. Julai 1897, huko Schenectady, New York, mwanawe Desmond, mtoto wa miaka 10, aliendesha mabehewa hayo kwenye majaribio. Reli ya juu ya South Side, Chicago, ndiyo iliyoanza kuutumia.

Abiria wa Tanzania wanafaidi matunda ya wazo hilo. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, kwa umeme wa kilovolti 25 unaopita juu ya njia na kwa kasi inayofikia kilomita 160 kwa saa. Treni ambayo watu wameipa jina la Mchongoko kwa pua yake iliyochongoka ni ya aina ya Sprague: haina kichwa cha kuivuta, mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, na zote husikiliza agizo moja. Tofauti ni kwamba leo kila kundi la mota linapimwa mkondo na kasi muda wote, na likionekana gurudumu lake linateleza juu ya reli yenye unyevu, nguvu hupunguzwa kabla abiria hajahisi lolote.

Mota iliyogoma kubadili kasi

Mota iliyoenea kuliko zote viwandani haina kaboni wala sumaku ya kudumu. Galileo Ferraris wa Turin na Nikola Tesla, kila mmoja kwa njia yake, waliitangaza mwaka 1888, na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky wa kampuni ya AEG, Berlin, akaipa mwaka 1889 umbo la umeme wa njia tatu ambalo fundi wa leo angelitambua mara moja. Katika maonyesho ya Frankfurt ya mwaka 1891, umeme uliosafirishwa kilomita 175 kutoka Lauffen uliendesha mota ya nguvu za farasi 100, nayo ikasukuma maji ya maporomoko yaliyotengenezwa na watu.

Mota hiyo ni imara na rahisi, tena haihitaji kuambiwa rota iko wapi. Mkondo wa njia tatu wenyewe huunda sumaku inayozunguka, na rota huifuata. Ila ina ukaidi wake: kasi yake hufungwa na gridi. Kwa umeme wa hezi 50 na ncha nne za sumaku, sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota hubaki nyuma kidogo tu. Mwenye mashine anaweza kuiwasha au kuizima. Akitaka maji kidogo, anabana vali; akitaka hewa kidogo, anafunga mlango wa feni, huku mota ikiendelea kukimbia kasi ileile.

Hesabu inaonyesha ubaya wa kubana vali. Kwa feni na pampu za kuzungushia maji, nguvu inayohitajika hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikishushwa hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani karibu asilimia 51. Punguzo la moja ya tano ya kasi huokoa karibu nusu ya umeme. Kwenye kisima kirefu faida si kubwa kiasi hicho, kwa kuwa sehemu ya nguvu lazima ipandishe maji hadi juu kwa kasi yoyote ile, na kasi ikishuka sana maji hayatoki kabisa. Mhandisi mwaminifu hupima kimo cha maji kwanza, ndipo aahidi akiba.

Ili kasi ibadilike, frikwensi ya umeme lazima ibadilike. Thairista, swichi ya nusukipitishi iliyotolewa na General Electric mwaka 1957, ilifungua mlango, na mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ikaanza kutengeneza kwa wingi kifaa cha kubadili frikwensi kwa ajili ya mota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, B. Jayant Baliga, mhandisi aliyezaliwa India, aliendeleza, akiwa General Electric, transista ya aina ya IGBT, inayowasha na kuzima mkondo mkubwa maelfu ya mara kwa sekunde kwa agizo dogo. Inveta nyingi za mota za viwandani, yaani vifaa hivyo vya kubadili frikwensi, zimejengwa juu yake.

Hesabu za Schenectady

Kuweza kubadili frikwensi hakukutosha. Mota ya njia tatu ikibebeshwa mzigo ghafla, mikondo yake mitatu hupanda na kushuka kwa pamoja, kila mmoja ukipishana na mwenzake, na haikuwa wazi ni sehemu gani ya mkondo inayotia sumaku na ni ipi inayozungusha. Mota yenye kaboni ilikuwa rahisi hapo, kwa kuwa mikondo hiyo miwili ilipita kwenye nyaya tofauti. Ndiyo maana kwa miaka mingi kazi zinazohitaji usahihi ziliachiwa mota za kaboni.

Ufunguo ulikuwa umekwisha kuchongwa na watu wawili wa General Electric, Schenectady. Wa kwanza ni Edith Clarke, aliyezaliwa Maryland mwaka 1883 na kufiwa na wazazi akiwa bado mtoto. Alianza kazi ya kukokotoa hesabu za wahandisi kwa mkono, na mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT. Hata hivyo hakupata kazi ya uhandisi. Alikwenda kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake mjini Constantinople, na aliporudi mwaka 1922 General Electric ikamwajiri kama mhandisi. Hesabu yake hugeuza namba tatu za umeme wa njia tatu kuwa mbili zinazobeba habari ileile. Aliibuni kwa ajili ya nyaya ndefu za kusafirisha umeme. Mwaka 1947 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuwa profesa wa uhandisi wa umeme, katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin.

Wa pili ni Robert Park, ambaye mwaka 1929 alichapisha njia ya kuzitazama namba hizo kana kwamba mpimaji amekaa juu ya rota na kuzunguka nayo. Mtu aliye kituoni huona abiria wa daladala wakipita mbio. Aliye ndani ya daladala huwaona wametulia kwenye viti vyao. Vivyo hivyo, mikondo inayopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, ikitazamwa kutoka juu ya rota, huwa namba mbili zilizotulia: moja ni ya kutia sumaku, nyingine ni ya kuzungusha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, K. Hasse wa Darmstadt na Felix Blaschke wa Siemens walitumia mtazamo huo kuiongoza mota ya Tesla na Dobrovolsky. Pima mikondo, jua pembe ya sumaku, geuza hesabu kwa njia ya Clarke na Park, rekebisha namba mbili zilizotulia, kisha zigeuze tena kuwa mikondo mitatu. Lilikuwa wazo sahihi lililosubiri kompyuta ndogo za kulitekeleza. Zilipokuja, mzunguko mzima wa kupima, kukokotoa na kurekebisha ukaweza kurudiwa mara 10,000 au zaidi kwa sekunde. Mota ya bei nafuu isiyo na kaboni ikapata utii uliokuwa wa mota ya gharama.

Vihisi vitatu, hali sita

Inafaa sasa kurudi kwenye gurudumu la pikipiki na kulitazama kwa karibu. Mota yake ni ya sumaku za kudumu zilizobandikwa kwenye duara la nje, na koili zimekaa ndani, zimeshikamana na ekseli. Mwaka 1962 Wamarekani T. G. Wilson na P. H. Trickey walieleza mota ambayo kazi ya komyuteta inafanywa na vifaa vya nusukipitishi, na mota hii ni ya ukoo huo.

Kwenye kingo za stata, yaani sehemu isiyozunguka inayobeba koili hizo, zimepachikwa chipu tatu za Hall, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nyaya nyekundu na nyeusi huzipa umeme wa takriban volti 5. Njano, kijani na bluu hurudisha jibu la kila moja: moja ikiwa mbele yake kuna ncha fulani ya sumaku, sifuri ikiwa ni ncha nyingine. Katika mpangilio wa kawaida wa digrii 120, majibu hayo matatu yakisomwa pamoja hutoa 101, kisha 100, 110, 010, 011, 001, halafu hurudi 101. Hali ni sita, na kutoka moja hadi nyingine hubadilika tarakimu moja tu. Kwa kila hali kidhibiti hujua ni koili zipi mbili za kulishwa na ipi ya kuachwa. Muundo mmoja unaopatikana sana una sumaku 46, yaani jozi 23, hivyo gurudumu likizunguka mara moja tu, uamuzi huo hufanywa mara 138.

Hali mbili hazipaswi kutokea kamwe katika mpangilio huo: 000 na 111. Kidhibiti kikisoma mojawapo, kinajua kwamba kuna kihisi kilichokufa au waya uliokatika, na vingi hukataa kuendelea.

Kwa fundi, hali hizo ni kipimo cha bure. Gurudumu likiwa limeinuliwa na swichi imewashwa, bila kugusa mkono wa kuongeza kasi, multimita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Kati ya nyekundu na nyeusi patakuwa na takriban volti 5. Pasipokuwa na kitu, tatizo liko kwenye kidhibiti au nyaya zake. Kisha ncha ya mita huhamishwa kwa zamu kwenye njano, kijani na bluu huku gurudumu likizungushwa polepole kwa mkono. Kila waya unapaswa kuruka kutoka karibu na sifuri hadi karibu na 5 na kurudi. Usiobadilika ndio wenye kosa, na mara nyingi kosa lenyewe ni kiungio kilichoingia maji. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na humwokoa mwenye pikipiki asinunue kidhibiti kipya asichokihitaji. Katika miji ambayo pikipiki za umeme zimeanza kubeba abiria kila siku, kama Kigali na Nairobi, ujuzi huo ni ajira.

Mota kama kihisi chake yenyewe

Hatua iliyofuata ilikuwa kuviondoa hata vihisi. Tangu Michael Faraday mwaka 1831 inajulikana kwamba sumaku inayosogea mbele ya koili huzaa umeme, na kwa hiyo kila mota inayozunguka ni jenereta pia. Ile koili ya tatu iliyoachwa bila kulishwa huwa na volti yake, na volti hiyo husema sumaku iko wapi. Kidhibiti huisoma na kukisia mahali pa rota bila chipu hata moja. Ndege ndogo zisizo na rubani na friji nyingi za inveta hufanya kazi hivyo, kwa kuwa ndani ya kompresa iliyojaa gesi na mafuta nyaya za ziada ni mzigo.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Rota ikisimama, hakuna volti, na kidhibiti ni kipofu. Feni na pampu huvumilia kuanza kwa kubahatisha, maana mzigo wao mwanzoni ni mwepesi. Pikipiki yenye abiria wawili mlimani haivumilii, na ndiyo maana vihisi vya Hall vimebaki.

Pampu ya sola inaonyesha faida ya kupima kwa namna nyingine. Inveta yake hupima volti na mkondo wa paneli na kurekebisha kasi ya mota kwa kadiri ya jua: asubuhi polepole, saa sita mbio, wingu likipita inashuka badala ya kuzimika. Inveta iliyowekewa kinga ya ukavu hutambua pia maji yanapopungua kisimani, kwa sababu mota isiyosukuma maji hutumia mkondo mdogo kuliko kawaida. Huizima kabla haijaungua, jambo muhimu kwa kuwa pampu ya kisimani hupozwa na maji hayohayo.

Kinga, na akiba ya kweli

Mota nyingi hazifi kwa uzee. Huuawa na joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza uhai wa insulesheni ya koili kwa takriban nusu. Kwenye umeme wa njia tatu, muuaji mkubwa ni kukatika kwa njia moja. Mota iliyokuwa inazunguka huendelea kuzunguka, kwa hiyo mwenye kinu hashtuki, lakini mkondo wa njia mbili zilizobaki hupanda, kwa mzigo uleule, hadi karibu mara 1.7. Baada ya muda hutoka harufu, kisha moshi. Rilei ya joto yenye ulimi wa metali mbili, ambao hupinda unapopata joto, au rilei ya kielektroniki inayopima njia zote tatu, ingeikata mota mapema. Rilei iliyorekebishwa kwa namba isiyo yake, au iliyorukwa kwa waya ili kazi isisimame, haimlindi mtu.

Akiba ya umeme nayo inahitaji ukweli. Katika miaka ya 1970, Frank Nola, mhandisi wa NASA katika kituo cha Marshall, Huntsville, Alabama, aliona kwamba mota ndogo inayozunguka bila mzigo hutia sumaku nyingi isiyohitajika. Kifaa alichokipatia hataza mwaka 1977 hupima mkondo unachelewa kiasi gani nyuma ya volti. Ukichelewa sana, ni dalili ya mzigo mwepesi, nacho hupunguza volti. Akiba hiyo ni halisi pale mota inapokaa muda mrefu bila kazi, na ni ndogo sana pale inapobeba mzigo wake kamili. Nola alipima kwanza, ndipo akapunguza. Visanduku vinavyouzwa kuchomekwa ukutani na kuahidi kupunguza matumizi ya nyumba nzima huwa na kapasita tu, havipimi mota yoyote, na mita ya nyumbani huhesabu umeme uliofanya kazi hasa, ambao kapasita haiupunguzi.

Yanayopasa kufanywa

Kutokana na hayo, mhadhara unaleta mapendekezo matatu kwa vyuo vya ufundi, waagizaji na wenye karakana.

La kwanza ni mafunzo. Mafundi wa kusuka mota wa eneo hili wanajua kuhesabu mizunguko ya koili, kupanga nafasi na kuunganisha nyota na delta, mara nyingi kwa usahihi unaostahili heshima. Ujuzi huo uongezewe upimaji: klampu mita kwenye kila njia, kipimo cha insulesheni, vihisi vya Hall, na kusoma kumbukumbu za makosa za inveta. Mwanafunzi aliyemaliza kozi ya mota bila kuona hali sita za vihisi kwa macho yake atakutana nazo barabarani bila maandalizi.

La pili ni kwa wanaoagiza pikipiki, pampu na inveta. Kila kifaa kifike na mchoro wa nyaya na orodha ya namba za makosa kwa Kiswahili. Namba inayowaka kwenye kioo ni matokeo ya kipimo kilichokwisha kufanyika, na kumficha fundi maana yake ni kumlazimisha aanze upya.

La tatu linaweza kuanza wiki hii. Kila mota inayotoka karakana irudi kwa mwenyewe na kadi: mkondo wa kila njia bila mzigo, mkondo wenye mzigo, ukinzani wa insulesheni kwa megaomu, namba iliyowekwa kwenye rilei, tarehe na jina la fundi. Mikondo ya njia tatu ikitofautiana sana, kadi itaonyesha kabla mota haijafungwa kinuni. Na mota hiyo ikirudishwa mwaka ujao, fundi atakayeifungua atakuwa na namba za kulinganisha nazo kabla hajashika bisibisi.